Seremala Aliyekataa Kubebwa

Kosa langu la kwanza kwa Seremala nililifanya Jumapili moja asubuhi, yeye akiwa kanisani. Niliingia chini ya gari lake nikiwa na jeki na spana, nikatoa vipande vinne vya mbao ya mkwaju alivyokuwa amevichonga kwa mkono wake na kuvipachika kati ya springi na ekseli, na mahali pake nikaweka vipande vya chuma. Sikumwambia. Aliporudi na Biblia kwapani, nilikuwa nimeshanawa kwa mafuta ya taa, nimekaa kivulini kama mtu ambaye hajagusa kitu.

Nitasema baadaye kosa hilo lilizaa nini. Kwanza nataka mumwone mwenyewe, kwa sababu nimekaa naye miaka na bado sijammaliza.

Pale Mraru, kando ya barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, kila mtu alimwita Seremala, hata mchungaji alipomtaja kwenye matangazo. Mimi nilikuwa karani wa stoo ya stesheni ya Voi. Nilimwendea kwa sababu nilitaka rafu. Nilikuwa nimeichora kwenye karatasi, vipimo vyote kwa inchi, na pembe nimezipigia mstari mara mbili. Aliitazama karatasi kwa heshima, akaikunja, akaniuliza vitu vitakavyokaa pale vitachukuliwa na nani, ni mrefu au mfupi, na kama anatumia mkono wa kushoto. Nikamwambia rafu ni rafu. Akasema, "Rafu si ya vitu, Bwana Karani. Ni ya mkono."

Alikuwa na futi ya utepe, lakini ilining'inia ukutani pamoja na picha ya marehemu mkewe. Yeye alipima kwa shubiri, kwa kiwiko, na kwa kijiti alichokiwekea alama kwa kucha. Jambo hilo lilinikosesha raha. Siku moja nilivipima vipimo vyake kumi na viwili kwa utepe wangu mpya, nikakuta vyote vimepungua kidogo. Nilifurahi, nakiri. Akaniambia utepe wangu ndio uliorefuka kwa joto. Nilikasirika, nikaenda kuulinganisha na futi ya chuma ya stesheni. Ulikuwa umerefuka. Sikumpa habari hiyo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa: niliona kukosea ni kama kukutwa bila nguo.

Yeye hakuwa hivyo. Alikuwa na mlango mmoja uliopinda, kazi yake ya ujana, na aliutundika kwenye chumba chake mwenyewe ili auone kila akiamka. Wateja walipoucheka alicheka nao. Lakini msidhani alikuwa mpole. Kanisani alikalia benchi la tatu tu, kwa sababu ndilo alilolitengeneza yeye, na mgeni akilikalia mapema Seremala alisimama karibu yake, ameegemea fimbo, akikohoa mpaka ahame. Alikuwa mzee wa kanisa. Alihubiri kwamba mambo ya zamani ya milimani tuyaache huko milimani. Hapo hapo hakukubali kuanza kazi ya mtu aliyegombana na jirani yake. Alimrudisha akapatane kwanza, maana mbao, alisema, hupasuka penye hasira. Nilimwuliza hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Akaniuliza mimi naogopa nini. Nikasema naogopa kukosea. "Basi na wewe una dini mbili," akasema, akaendelea kupiga randa.

Fimbo aliipata kwa kuanguka. Alikuwa akiezeka stoo ya shamba moja la mkonge, ngazi ikateleza, nyonga ikaharibika. Tangu hapo alitembea kutoka kibandani kwake mpaka barabarani na kanisani, basi. Wenye shamba walimpa pole ya ajabu: gari dogo la wazi la jeshi, lililobaki baada ya vita, lile ambalo magurudumu yote manne huvuta. Lilikuwa limekaa nyuma ya mashine ya kukamulia mkonge miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Watu walisema wamempa takataka. Yeye alilizunguka siku tatu bila kuligusa, akalisikiliza kama daktari, kisha akaagiza niitwe, kwa kuwa alisikia ninasoma vitabu vya injini.

Ni kweli nilikuwa nikisoma. Kitabu nilikuwa nacho kimoja, cha lori, si cha gari lile, na kurasa za katikati zilikuwa zimeng'olewa. Nilijifunza Kiingereza chake kwa kamusi, sentensi moja kwa siku. Hakuna aliyenifundisha gari. Nilifungua kabureta ya kwanza ya maisha yangu juu ya gazeti, kila nati nikaiandikia namba kwa penseli, na nilipomaliza kuirudisha nikaifungua tena kwa hofu kwamba nati ya saba na ya nane nimezibadilisha. Seremala alikuwa akinitazama. Akasema, "Karani, wewe ungepewa kuumba dunia, hata leo ingekuwa bado Jumatatu."

Alilichukulia gari lile kama samani ya kwenda mahali fulani. Mahali penyewe palikuwa Ronge, juu, kwa dada yake.

Dada mtu ndiye aliyemlea. Walikuwa wameachana kwa ubaya. Dada alitaka mdogo wake ajenge juu, kwenye shamba la wazazi. Seremala akasema milimani hakuna wateja, akajenga tambarare, kando ya barabara. Siku ya mwisho dada alikuwa amepika. Seremala alisimama akaondoka, akaacha chakula chake kikifuka moshi. Kwa watu wa huku, kuacha chakula cha ndugu aliyekulea namna hiyo ni zaidi ya tusi. Miaka tisa ilikuwa imepita. Sasa alitaka kurudi, na mguu haukuwa na uwezo wa kupanda, na kutoka Mwatate kwenda juu hakukuwa na barabara ya gari, ilikuwa njia ya ng'ombe na ya kina mama wenye mizigo. Vijana wa kanisa walijitolea kumbeba kwa machela. Alikataa kabisa. Alikuwa ametengeneza majeneza ya nusu ya watu wa Mraru. "Machela ni jeneza lisilo na kifuniko," aliwaambia. "Nitafika kwake nimekaa, au sifiki."

Kwa hiyo tukaanza. Alikata madigadi kwa msumeno ili mawe yasiyakute. Ekzosi aliigeuza, akaipandisha pembeni kama bomba la jikoni, akaifunga kwa mkanda wa ngozi, kwa sababu ya maji ya mifereji. Mbele ya rejeta aliweka wavu wa chujio, maana mbegu za nyasi huziba rejeta na injini ikachemka. Matairi hatukuyatia upepo. Tuliyashindilia nyuzi za mkonge mpaka yakawa magumu kama mito ya zamani, tukaenda kuyajaribu Marungu, kwenye miiba ambayo huingia kwenye tairi kama sindano. Mchungaji mmoja wa mbuzi alisimama kuangalia nyuzi zilizochungulia pembeni, akatuuliza gari letu linakula mkonge tangu lini. Seremala akamjibu kwamba limeachishwa petroli kwa amri ya daktari.

Kiti chake mwenyewe alikichonga kwa mvule, na upande wa nyonga mbaya akachimba shimo la kina cha vidole viwili. Alikaa, akasimama, akapunguza unyoya wa mbao, akakaa tena. Siku nne. Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye pia ni mtu wa kutafuta ukamilifu, ila yeye aliutafuta mahali ambapo mwili unagusa.

Kisha vikaja vile vipande vya mkwaju. Ili gari liinuke juu ya mawe, alivipachika kati ya springi na ekseli, kimoja kila gurudumu, vimelowekwa mwezi mzima kwenye mafuta machafu ya injini. Kitabu changu hakikutaja mbao mahali hapo. Nilipoteza usingizi. Niliona aibu hata ya watu ambao hawangeingia kamwe chini ya gari lile kutazama. Nilimwambia mara moja kwamba gari ni chuma na lishikwe na chuma. Akasema, "Chuma kwa chuma ni ndugu wawili wenye kiburi. Weka mbao katikati, iumwe na wote wawili, watashikana." Nilidhani ni maneno ya uzee. Kwenye takataka za stesheni nilipata vipande vya reli, nikavikata kwa msumeno wa chuma jioni baada ya jioni, vikawa sawa kwa unywele. Jumapili ile nikaviweka.

Wiki iliyofuata tulitoka alfajiri. Mimi nilishika usukani, yeye kwenye kiti chake amevaa koti la Pasaka. Mpaka Mwatate alikuwa akiimba. Tulipoanza kupanda, kwenye kona ya pili, nilisikia mlio chini ya mguu wa kushoto, gari likalala upande, usukani ukawa mwepesi kama wa mchezo wa watoto. Nilishuka nikaingia chini kabla yake. Kipande cha reli kilikuwa kimeteleza, ekseli imerudi nyuma, na springi imekatika. Chuma kilikuwa kimeng'aa pale kilipoteleza. Hakikuumwa na kitu. Nilikichukua kikiwa bado na joto, nikakitupa kichakani. Vingine vitatu nilikuja kuvivua usiku, tulipofika nyumbani. Wakati ule yeye alikuwa bado anajikongoja kuzunguka gari kwa fimbo, na nyonga ile haikumruhusu kuinama.

"Umeona nini huko chini?" akauliza.

Nikasema springi imevunjika tu, Mzee. Ni ya zamani.

Hakunitazama mimi. Alitazama juu, ambako moshi wa majiko ya asubuhi ulianza kuonekana kati ya migomba. Akasema taratibu, "Basi amekataa."

Sikuelewa mara moja. Mimi nimekulia stesheni, kati ya watu wa pwani na wa bara. Kwa wazee wa milimani, hasira ya ndugu aliyekulea haikai moyoni mwake tu. Hutoka ikafanya kazi, hata yeye mwenyewe asijue. Inavunja chungu, inaua ndama, inageuza safari. Seremala aliona hasira ya dada yake imeshuka kilimani ikamkuta kwenye kona ya pili. Na mtu aliyekataliwa namna hiyo halazimishi. Tulivutwa na ng'ombe mpaka Mwatate, na lori la mkonge likatufikisha nyumbani. Aliagiza gari lifunikwe kwa magunia. Kuku wakarudi kwenye kiti cha dereva.

Mimi ndiye mtu pekee duniani niliyejua kwamba dada yake hakuhusika. Neno moja lingetosha. Nilikaa nalo miezi saba. Nilienda kwake kila Jumamosi, nikanywa uji wake, nikamsikiliza akizungumza habari za mbao, na kila niliporudi Voi niliandika kwenye karatasi jinsi nitakavyomwambia, nikaifuta, nikaiandika vizuri zaidi. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukiri bila kuonekana nimekosea. Sikuipata. Huenda haipo.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja mama mmoja wa Ronge aliyeshusha ndizi sokoni alipita kibandani, akamwambia kwamba dada yake siku hizi haendi shambani tena, anakaa mlangoni tu. Seremala akamshukuru. Jumamosi niliyofika, saa za mchana, nilimkuta akichagua mbao. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, akazinusa, akaziweka mbili mbili. Nilimwuliza ni za nani. Akasema ni za mtu mfupi.

Sheria yake moja niliyoijua ni kwamba hakumpimia jeneza mtu aliye hai. Alikuwa akisema ni kumwitia kifo. Na sasa alikuwa akimpimia dada yake, kwa sababu aliamini hilo ndilo jambo pekee lililobaki analoruhusiwa kumfanyia.

Nikamwambia. Sikukumbuka hata sentensi moja ya zile nilizoandika. Nilisema, "Mzee, springi niliivunja mimi. Nilitoa mbao zako nikaweka reli."

Akaiweka chini mbao aliyokuwa ameishika. Nilingoja fimbo. Alichouliza kwanza ni, "Reli ilitelezea mbele au nyuma?"

Nikasema nyuma.

"Ulizikaza boliti mpaka mwisho?"

Mpaka mwisho, nikasema. Zilikazika vizuri kabisa.

Akakubali kwa kichwa kama fundi aliyepata jibu la swali lililomsumbua. Kisha akakaa juu ya zile mbao. "Kwa hiyo hakunikataa," akasema. Akalirudia. Baadaye ndipo alipogeuka kwangu. "Na wewe miezi saba umekunywa uji wangu hili likiwa tumboni mwako?"

Hakupiga kelele. Alinipa kipande cha mkwaju na patasi, akasema nichonge. Nilichonga vitatu akavitupa kwenye kuni. Cha nne alikigeuza, akakipokea. Ilinichukua Jumamosi tano kupata vinne. Springi nyingine tuliipata kwenye gari bovu lililokuwa Taveta. Na asubuhi ya kuondoka, gari likiwa linanguruma, aliniita nyuma ya kibanda.

"Nina hasira nawe," akasema. "Nisikudanganye. Siwezi kupanda nayo kule." Alikuwa na kikombe cha maji. Alichukua funda moja, akalipuliza kwa midomo likatawanyika kama ukungu, akasema maneno ya Kidawida, lugha ya milimani, ya kwamba lililo ndani litoke, liende na upepo, nasi tubaki wazima. Ni desturi ile ile ya wazee, kutasa, aliyokuwa akiihubiri iachwe milimani. Akafuta ndevu. "Mchungaji hana haja ya kujua," akaongeza, nasi tukaenda.

Njia ilituchukua kutwa. Kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba nilishuka kila mara kutandika mawe kisha kuyaondoa, ili maji ya watu yasikatike. Watoto na mbwa walitutangulia. Sikuthubutu kusikiliza kitu kingine ila sauti ya chini ya gari, na chini ya gari hakukuwa na sauti.

Dada yake alikuwa mlangoni, mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, kitambaa cheupe kichwani. Hakuinuka.

"Umekuja na nini hicho?" akamwuliza.

"Gari."

"Kelele zake nimezisikia tangu mferejini. Nikasema ni mdogo wangu. Hakuna mwingine awezaye kujisumbua hivi."

Seremala alishuka kitini mwenyewe. Ilichukua muda, na hakuna aliyesogea kumsaidia, kwa sababu uso wake ulikataza. Akasimama mbele ya dada yake akamwuliza kama alimkasirikia.

"Miaka tisa," akasema dada mtu.

"Na siku ile springi ilipovunjika?"

"Springi ni nini?"

Nilitazama chini. Seremala alianza kueleza. Dada yake akamkatiza. "Nilikasirika kwamba ulikaa huko chini ukinihesabia hasira, badala ya kuja kuniuliza." Kisha akaomba kibuyu cha mbangara, pombe ya nyumbani. Mzee wa kanisa akavua kofia. Dada yake alimpulizia funda kifuani, funda jingine kwenye mguu mbaya, na la tatu, kabla sijajua, likanipata mimi usoni. Halafu akapakua chakula. Seremala alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole.

Hakurudi kuishi Mraru. Nilimpelekea vifaa vyake kidogo kidogo, safari baada ya safari, mpaka njia ile ikaanza kunyooka kwa magurudumu yetu na kina mama wakawa wanateremsha ndizi zao kwa gari siku za soko.

Mara ya mwisho nilipowaona pamoja ilikuwa msimu wa maharagwe. Walikuwa wamekaa uani wakipukuchua, wakigombana kwa utulivu juu ya nani aliwaacha mbuzi waingie shambani. Majirani wawili watatu walikuwa hapo. Seremala macho yalikuwa yameanza kufifia, lakini alinitambua kwa mwendo.

"Karani," akasema, "huyu dada yangu hajawahi kusikia habari yote ya Jumapili ile. Mimi nikisimulia nitaongeza chumvi. Msimulie wewe."

Nikasimama kama mtoto wa shule. Nikasimulia: jeki, reli, kona ya pili, kichaka. Nilipofika pale niliponawa mikono kwa mafuta ya taa na kukaa kivulini, dada yake alianza kucheka, akacheka mpaka ungo wa maharagwe ukamwagika, akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo kama ugonjwa, na sasa watu wazima walikuwa wakiokota maharagwe chini huku wakifuta machozi ya kicheko, na hakuna aliyeniangalia vibaya. Seremala hakucheka sana. Alikuwa amegeuza sikio lake upande wangu, akisikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza mbao.

Mwezi uliopita, pale Voi, nilivunja boliti ya gari la mtu nililokuwa nikilitengeneza. Nilimwambia kabla hajauliza.